Bunduki za Upepo za Zamani: Chimbuko la Usanifu Wake na Sampuli Adimu (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Haya ni maswali ambayo wapenzi wa bunduki za upepo hukutana nayo kila mara wanaposhika kipande cha zamani na kujiuliza kilitoka wapi. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu habari yenyewe ni ndefu. Kwa maoni yangu, ukitaka kuielewa bunduki ya upepo, usianze na bei wala nguvu yake. Anza na swali moja: aliyeibuni alikuwa anajaribu kutatua tatizo gani?

Hewa inaisukumaje risasi bila baruti?

Kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni kuhifadhi hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi, kisha kuachia kiasi kidogo kila unapofyatua. Mtungi huo unaweza kujazwa kwa pampu ya pembeni au kwa pampu iliyo kwenye bunduki yenyewe. Ya pili ni springi na pistoni. Hapa hakuna hewa iliyohifadhiwa kabisa: unapokoki bunduki, yaani kuiandaa kufyatua, unaibana springi, na unapofyatua springi inaisukuma pistoni mbele kwa kishindo, nayo pistoni inaishindilia hewa iliyo mbele yake papo hapo. Ya tatu ni gesi ya kaboni dayoksaidi. Paul Giffard, Mfaransa, ndiye anayetajwa zaidi kwa njia hii kutokana na kazi aliyoifanya katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kaka yake, Henri Giffard, ndiye aliyerusha chombo cha angani chenye injini ya mvuke mwaka 1852. Familia hiyo iliijua gesi vizuri.

Njia hizi tatu zimeshindana kwa zaidi ya karne moja, na karibu kila umbo geni utakaloliona limetokana na ushindani huo.

Ipi ni ya zamani kuliko zote?

Kati ya zilizobaki, inayotajwa sana iko katika jumba la makumbusho la Livrustkammaren mjini Stockholm, Sweden, na inakadiriwa kuwa ya miaka ya 1580. Kwa hiyo wanaodhani bunduki ya upepo ilianza kama kitu cha kuchezea watoto wameanza kuihesabu historia yake katikati. Kwa karne nyingi ilikuwa kifaa cha gharama kubwa, kazi ya mafundi wa wafalme na matajiri wawindaji.

Je, ni kweli kwamba jeshi liliwahi kuzitumia vitani?

Ni kweli, na habari hii inastahili kusimuliwa taratibu.

Bartholomäus Girandoni, fundi kutoka milima ya Tyrol, alibuni bunduki ya upepo ya kurudiarudia mnamo 1779, na jeshi la Austria likaipokea mwaka 1780. Kitako chake kilikuwa ndicho mtungi wa hewa, chuma chenye umbo la koni ambacho askari alikifungua na kufunga kingine hewa ilipopungua. Pembeni mwa mtutu kulikuwa na mrija uliobeba risasi 20 hivi za duara. Askari aliiinua bunduki ili risasi ziteremke, akasukuma kipande kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na risasi moja ikaingia mahali pake. Fikiria wakati ule: askari wa gobore alipaswa kumimina baruti, kushindilia na kuwasha, huku mwenzake wa Girandoni akifyatua risasi moja baada ya nyingine bila moshi na bila kusimama.

Kwa nini basi haikuyafuta magobore? Mtungi mmoja ulihitaji kupampuliwa kama mara 1,500 kabla ya kujaa. Uliundwa kwa mabati yaliyounganishwa kwa mkono, na viungo vyake vilivuja. Vizibo vya ngozi vilitaka kulainishwa kila wakati. Mafundi wa kuzitengeneza walikuwa wachache, na askari wa kawaida hakuwa na mafunzo ya kuitunza. Kufikia 1815 ilikuwa imeondoka jeshini. Wazo la Girandoni lilikuwa sahihi kabisa. Viwanda vya wakati wake ndivyo ambavyo havikuwa na chuma wala mashine za kulibeba.

Inaaminika kwamba bunduki ya aina hiyo ilivuka pia bahari. Meriwether Lewis aliibeba bunduki ya upepo katika msafara wake na William Clark wa kuvuka Amerika Kaskazini, 1803 hadi 1806, akawa anaionyesha kwa watu wa mataifa asilia waliokutana nao ili wastaajabie silaha isiyotoa moshi. Mwanzoni kabisa mwa safari, Agosti 1803 karibu na Pittsburgh, mtu mmoja aliyekuwa akiitazama aliifyatua bila kukusudia, na risasi ikamparuza mwanamke kwenye panja, upande wa kichwa karibu na jicho, akiwa mbali kiasi cha mita 36. Alipona. Lewis mwenyewe aliandika tukio hilo katika shajara yake.

Nani aliyeleta springi na pistoni kwa watu wa kawaida?

Hapa nashauri ufuate ramani. Katika bonde la mto Mohawk, jimbo la New York, kuna miji miwili jirani, Ilion na Herkimer. Ilion ndiko Benjamin Haviland na George Gunn walikopata hataza zao, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, katika miaka ya 1870. Herkimer ndiko Henry Marcus Quackenbush alikokuwa na karakana yake. Alipata hataza ya bastola ya upepo mwaka 1871, na bunduki yake maarufu ikatoka 1876. Quackenbush huyo huyo baadaye alijulikana zaidi kwa koleo za kuvunjia njugu.

Umbo lililozaliwa bondeni humo lilivuka Atlantiki. Kiwanda cha chuma cha Gaggenau, huko Baden nchini Ujerumani, kilitengeneza bunduki za jamii hiyo, nyepesi, zilizokunjika katikati kwenye bawaba wakati wa kukoki, zikauzwa Ulaya kwa jina la Gem. Jakob Mayer alifanya kazi Gaggenau kabla ya kuungana na Josef Grammelspacher na kufungua kiwanda chao Rastatt, mwendo mfupi tu kutoka hapo, mwaka 1890. Kiwanda hicho ndicho kilichotupa Diana. Ukiona nembo ya mungu wa kike aliyeinua bunduki ya upepo juu huku ameutupa upinde na mshale, ndiyo hiyo. Kwa hiyo Diana ya zamani ina damu ya bonde la Mohawk ndani yake, hata kama imeandikwa Ujerumani kila mahali.

Na Daisy? Nasikia kilikuwa kiwanda cha vinu vya upepo.

Umesikia sawa. Kiwanda cha Plymouth Iron Windmill kilianzishwa 1882 mjini Plymouth, Michigan, kutengeneza vinu vya kuvutia maji mashambani. Biashara ikadorora. Clarence Hamilton akabuni bunduki ndogo ya chuma, na meneja Lewis Cass Hough akaipenda. Mwanzoni iligawiwa kama zawadi kwa mkulima aliyenunua kinu. Muda si mrefu wakulima wakawa wanaitaka zawadi kuliko kinu, na mwaka 1895 kampuni ikabadilisha jina kuwa Daisy. Katika mji huo huo, mpinzani wao Markham alikuwa akitengeneza bunduki ya gololi yenye mwili wa mbao. Daisy waliinunua Markham mwaka 1916. Zile za mbao hazikuhimili unyevu wala mikono ya watoto, ndiyo maana nzima hazionekani mara nyingi.

Kwa nini wakusanyaji wa Uingereza humtaja Lincoln Jeffries kama nabii?

Kwa sababu alirekebisha kosa lililokuwa limezoeleka.

Bunduki za aina ya Gem zilikuwa na mtutu unaokunjika kwenye bawaba. Kila ulipoukoki, mtutu ulishuka na kurudi, na bawaba ilipolegea kidogo tu, shabaha ilihama. George Lincoln Jeffries, fundi bunduki wa Birmingham, alichukua hataza mwaka 1904 ya muundo ambao mtutu haukusogea kabisa. Kukoki kulifanywa kwa wenzo uliolala chini ya mtutu. Risasi haikuingizwa nyuma ya mtutu bali katika kizibo cha chuma kinachozunguka, chenye tundu katikati: unakizungusha tundu litazame juu, unadondosha risasi, unakirudisha nacho kinalingana na mtutu. Ni kipande kidogo, lakini lazima kichongwe kwa usahihi mkubwa, la sivyo hewa inavuja pembeni.

Hapo ndipo kampuni ya Birmingham Small Arms, yaani BSA, ilipoingia. Vita vya Makaburu vilikwisha 1902, na oda za serikali zikapungua. BSA walikuwa na mashine za kutengeneza bunduki za jeshi na mafundi waliozoea vipimo vya hali ya juu. Mwaka 1905 wakaanza kuzalisha bunduki ya Jeffries. Kitu kilichodharauliwa kama mchezo wa watoto kikatengenezwa kwa chuma kile kile na kwa macho yale yale yaliyokagua silaha za vita. Ndiyo sababu BSA za kabla ya 1914 bado zinafyatua vizuri leo.

Kulikuwa na soko tayari pia. Katika baa za Birmingham na miji ya jirani watu walikuwa na ligi za kulenga kengele: bamba la chuma lenye tundu dogo la milimita 9.5 hivi katikati, na kengele nyuma yake. Ukipitisha risasi tunduni, kengele inalia na hakuna haja ya mwamuzi kubishana. Mchezo huo ulitaka bunduki isiyohamisha shabaha. Jeffries alikuwa na jibu.

Kuna tofauti gani kati ya sampuli ya majaribio na bunduki adimu?

Tofauti ni kubwa, na watu wengi wanapoteza fedha kwa kutoijua.

Sampuli ya majaribio ni ile iliyotengenezwa kiwandani kabla uzalishaji haujaanza, ili kujibu swali: je, wazo hili linafanya kazi? Mara nyingi ni moja au chache tu. Vipande vyake vimechongwa kwa mkono kwa tupa, si kwa mashine za uzalishaji. Haina namba ya mfululizo, au ina namba isiyolingana na utaratibu wa kiwanda. Unaweza kuona tundu lililotobolewa kisha likazibwa kwa sababu fundi alibadilisha mawazo. Mimi huona hayo ndiyo mazuri kuliko yote: mashimo yaliyozibwa yanakuonyesha fundi akifikiri.

Bunduki adimu ni kitu kingine. Iliingia sokoni kihalali, ila ilitengenezwa kwa uchache. Iko pia kundi la tatu, lililo katikati: vipande vya mwanzo vya uzalishaji ambavyo vilibadilishwa baada ya miezi michache, labda kwa sababu springi ilikuwa ndefu mno au kifyatulio kilikuwa hatari.

Muuzaji akikuambia "hii ni sampuli ya kiwanda", mwombe karatasi: mchoro wa hataza unaolingana na bunduki iliyo mbele yako, barua ya kiwanda, au picha ya wakati ule. Michoro ya hataza ni wazi kwa umma, kwa hiyo unaweza kuilinganisha wewe mwenyewe. Bunduki iliyobadilishwa na fundi wa mtaani mwaka 1960 inaweza kufanana sana na sampuli ya 1910.

Kwa nini sampuli nyingi zimepotea?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida: sampuli ikishamaliza kazi yake, kiwandani ni chuma chakavu. Iliyeyushwa au ilivunjwa ili vipande vyake vitumike katika sampuli nyingine.

Moto na vita vikamalizia. Marekani, hadi mwaka 1880, mwombaji wa hataza alitakiwa kupeleka modeli ya uvumbuzi wake Washington. Mwaka 1877 moto uliwaka katika jengo la Ofisi ya Hataza na kuteketeza makumi ya maelfu ya modeli, katika muongo ule ule ambao akina Haviland, Gunn na Quackenbush walikuwa wakipeleka maombi yao. Uingereza, usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, ndege za Ujerumani zilipiga kiwanda cha BSA cha Small Heath mjini Birmingham, na wafanyakazi 53 wakafa. Na huko Rastatt, baada ya vita, mashine za Diana zilichukuliwa kama fidia, zikaishia kwa kampuni ya Millard Brothers ya Scotland. Wao wakatengeneza Diana zao wenyewe, zenye nembo ile ile, huku Wajerumani waliorudi kazini wakilazimika kuuza Uingereza kwa jina la Original. Kwa hiyo Diana mbili zinazofanana sura zaweza kuwa zimezaliwa katika nchi mbili tofauti.

Zipi ni adimu na zina habari ya kweli nyuma yake?

Nitataja zile ninazozipenda, bila kuzipanga kwa bei.

BSA ya umbo la kijeshi, iliyotoka mnamo 1907, ilitengenezwa ifanane kwa urefu na uzito na bunduki ya jeshi ya Lee-Enfield ili vijana wajifunze kulenga kwa gharama ndogo. Wanunuzi hawakuwa wengi, na leo kuiona ni bahati. Webley, kampuni nyingine ya Uingereza, nao baada ya bastola yao ya upepo ya 1924 kufanikiwa, walijaribu kuirefusha iwe bunduki mwaka 1926. Haikudumu. Lakini kutokana na jaribio hilo walifika kwenye Mark II Service ya 1932, yenye mtutu unaobadilishwa kwa mkono baina ya vipimo vitatu: milimita 4.5, 5.5 na 6.35. Ukiikuta ndani ya sanduku lake na mitutu yote mitatu, usiitenganishe kamwe.

Ujerumani, katika kiwanda cha Haenel mjini Suhl, Hugo Schmeisser alibuni Modeli 33, bunduki ya kurudiarudia ya gololi za milimita 4.4 inayoshikwa kama bunduki ya jeshi ya Mauser. Ilikuwa chombo cha mafunzo ya vijana katika utawala wa Hitler, na anayeikusanya asiifiche historia hiyo.

Marekani kuna Sheridan Modeli A ya 1947, kutoka Racine, Wisconsin. Waanzilishi wake walitaka kujenga bunduki ya pampu bora kuliko zote, wakachagua kipimo chao wenyewe cha milimita 5. Bei ilikuwa dola 56.50, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Zilitoka zaidi kidogo ya 2,000 tu. Kampuni iliokolewa na modeli rahisi iliyofuata.

Na Daisy V/L ya 1968: hewa iliyoshindiliwa ilipata joto kiasi cha kuwasha baruti iliyogandishwa nyuma ya risasi isiyo na ganda. Mbunifu alikuwa Mbelgiji Jules Van Langenhoven. Serikali ya Marekani ikasema hiyo ni silaha ya moto, nao Daisy hawakuwa na leseni ya kutengeneza silaha za moto. Uzalishaji ukasimama.

Bunduki za mashindano zisizo na teke zilitoka wapi?

Pistoni inapokimbia mbele, bunduki nzima hutikisika kabla risasi haijatoka mtutuni. Kwa mlengaji wa mashindano hilo ni janga. Kurt Giss alilijibu kwa pistoni mbili: moja inashindilia hewa kwenda mbele, ya pili inakimbia nyuma wakati ule ule, zikiwa zimeunganishwa kwa meno ya gia ili zianze na kuishia pamoja. Mitikisiko inafutana. Diana walitumia mfumo huo kwa miaka mingi. Ni mzuri, ila kuurekebisha si kazi ya kujaribu nyumbani, maana meno yakipishana hata jino moja bunduki haifai.

Feinwerkbau wa Oberndorf, kampuni iliyoanzishwa na wahandisi wa zamani wa Mauser, Karl Westinger na Ernst Altenburger, walichagua njia tofauti: waliuacha mwili wa bunduki uteleze nyuma juu ya reli, kitako kikabaki kimetulia begani. Anschütz, kampuni nyingine ya Ujerumani, wakatumia mafuta kupunguza kishindo. Bunduki ya upepo iliingia Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles.

Nitajuaje umri wa bunduki yangu?

Soma alama zote kabla ya kuuliza mtu. Bunduki ya Kijerumani yenye herufi F ndani ya pembetano ilitengenezwa kuanzia 1970. Ikiwa haina, huenda ni ya kabla ya hapo au ilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje. Herufi DRGM au DRP, alama za usajili wa uvumbuzi, zinaelekeza kwenye Ujerumani ya kabla ya 1945, na DBGM kwenye Ujerumani Magharibi. Diana nyingi za baada ya vita zina mwezi na mwaka vimegongwa kwa tarakimu ndogo kwenye silinda. Daisy yenye anwani ya Plymouth ni ya kabla ya kuhamia Rogers, Arkansas, mwaka 1958.

Naweza kuifyatua?

Kwanza ulizia sheria kituo cha polisi, kwani katika nchi nyingi hata bunduki ya upepo inahitaji kibali, na kurithi kutoka kwa babu si kibali. Ukiruhusiwa, ya springi inaweza kufyatuliwa kwa uangalifu, ila usiifyatue bila risasi: pistoni itagonga chuma kwa chuma. Usimimine mafuta mengi kwenye silinda, kwa sababu joto la hewa linaweza kuyawasha na kuvunja springi. BSA za zamani za kipimo cha 5.5 kwa kweli zilitaka risasi ya 5.6, na risasi za kisasa zinaweza kupwaya ndani. Gololi za chuma zitaharibu mifereji ya mtutu.

Mtungi wa hewa wa karne ya 18 au 19 usijazwe kabisa, hata kama unaonekana mzima. Chuma chenye umri huo kinaweza kupasuka mkononi.

Nimepata moja yenye kutu. Niing'arishe?

Hapana. Futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, ukaishie hapo. Ukisugua kwa msasa unafuta alama ndogo zinazosema tarehe na kiwanda, na ikiwa ni sampuli ya majaribio unafuta mikwaruzo ya tupa ambayo ndiyo ushahidi pekee. Washa ya ngozi (kizibo cha duara cha kuzuia hewa) iliyokauka inaweza kubadilishwa, lakini ile ya zamani iweke kwenye bahasha pamoja na bunduki. Vivyo hivyo kwa springi iliyovunjika na skrubu utakazozitoa.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kila upande.